Kutoka sigara hadi vepu: mwongozo wa wiki za kwanza kwa mvutaji wa Lubumbashi

Mtu akinunua vepu (sigara ya umeme) Jumatatu, na Ijumaa yuko tena mbele ya kibanda anaomba sigara moja ya rejareja, watu watasema hana moyo. Mara nyingi moyo anao. Kilichomrudisha ni likidi (maji ya kujaza vepu) yenye nikotini ndogo mno, au pamba ya ndani ya kifaa iliyoungua siku ya kwanza, au kuivuta vepu kama sigara. Makosa haya matatu yana dawa, na dawa yake ni ya ufundi.

Kwanza tuelewane. Mwongozo huu ni wa mtu mzima anayevuta sigara kila siku. Kama huvuti, usianze na vepu. Mjamzito na mgonjwa wa moyo waongee na munganga (daktari) kwanza. Vepu si hewa safi, na uraibu wa nikotini unabaki palepale. Kinachoondoka ni moto: lami na monoksidi ya kaboni huzaliwa tumbaku inapoungua, na kwenye vepu likidi inapashwa joto tu mpaka iwe mvuke. Ndiyo maana anayevuta vepu mchana na sigara tano usiku hajapata faida anayoifikiria. Moshi bado anao.

Hatua ya 1: Nunua kifaa kwa kuangalia spea zake

Ukifika butiki, iwe katikati ya mji au upande wa komini ya Kenya, usianze kwa kuuliza bei ya kifaa. Uliza: "Podi zake za kubadilisha ziko? Ngapi?" Podi ni kijitanki cha likidi kinachochomekwa kwenye betri. Muuzaji akijibu kwamba zitafika wiki ijayo, shukuru uende. Kifaa kizuri kisicho na podi mjini ni chuma cha kuchezea watoto baada ya siku kumi.

Unachotafuta ni kifaa kidogo cha podi: betri ya ndani ya mAh 800 hadi 1000, podi ya mililita 2, na koili ya omu 0.8 hadi 1.2 (alama yake ni Ω). Koili ni waya mdogo uliozungukwa na pamba, ndio unaopasha likidi. Wauzaji waliozoea Kifaransa wataiita rezistansi. Ni kitu kilekile. Kinachowaka chenyewe ukivuta ni rahisi kuliko chenye kitufe, ila chenye kitufe kinavumilia vumbi zaidi.

Achana na mashine kubwa za mawingu, zile za omu 0.2 na wati 60. Zinapeleka mvuke moja kwa moja mapafuni, zinaweza kumaliza mililita 10 kwa siku, na ukizitilia likidi kali utaona dunia inazunguka. Mvutaji wa sigara anajaza kinywa kwanza, halafu anashusha. Podi ndogo inafanya hivyohivyo.

Na zile za kutupa? Zinafaa kwa jambo moja: kujaribu siku mbili kabla ya kutoa pesa ya kifaa. Soma ubavuni. Ikiandikwa 5%, hiyo ni miligramu 50 za nikotini kwa mililita, wakati Umoja wa Ulaya umeweka mwisho kwenye 20. Kwa mtu wa sigara nane kwa siku, 50 ni kujitafutia kichefuchefu.

Hatua ya 2: Likidi, hapa ndipo wengi wanaanguka

Chupa ina vitu vinne: PG (propilini glikoli), VG (gliserini ya mimea), ladha na nikotini. PG ni nyepesi na ndiyo inayogusa koo. VG ni nzito na ndiyo inayofanya mvuke uonekane. Kwa podi ndogo chukua 50/50, yaani nusu PG na nusu VG. Likidi ya VG 70 au 80 ni nzito mno kwa vitundu vya koili yake: pamba haiwahi kunywa, inaungua.

Sasa nguvu ya nikotini. Watu wanapenda kuanza na miligramu 3 "ili kupunguza sumu", na ndiyo hesabu inayowarudisha kwenye sigara kabla ya wiki kuisha. Mwili uliozoea pakiti hautulii kwa 3. Jiulize swali moja: baada ya kuamka, sigara ya kwanza unaiwasha dakika ngapi? Kama ni ndani ya nusu saa, anza na miligramu 18 au 20 kwa mililita, hata kama unavuta sigara 12 tu kwa siku. Kama unangoja saa moja au mbili na unavuta chini ya 10, anza na 10 au 12. Mwenye sigara mbili tatu za jioni atatosheka na 6.

Ukienda kwenye 18 au 20, chukua chumvi ya nikotini (kwenye chupa za Kifaransa imeandikwa "sels de nicotine"). Nikotini ya kawaida kwa kiwango hicho inakwaruza koo vibaya. Ya chumvi ni laini, na unaweza kukaa nayo siku nzima.

Ladha ni mambo ya kila mtu, ila angalizo moja: ladha inayoitwa ya tumbaku haifanani na sigara uliyoizoea, na wengi wanakasirika hapo. Nunua chupa mbili tofauti, moja ya menta na moja ya tunda. Ladha za pipi na keki zinaacha sukari nyeusi kwenye koili, na podi ya wiki mbili inakufa kwa siku nne.

Kagua chupa kabla ya kulipa: pete ya kifuniko haijakatika, kifuniko ni kile cha kubonyeza ndipo kigeuke, na karatasi inaonyesha miligramu, uwiano wa PG na VG, na tarehe ya mwisho. Chupa isiyo na maandishi iache. Usitie mafuta ya aina yoyote ndani ya podi, hata yale mazuri ya kunukia, wala kitu cha bangi cha kuokoteza. Mwaka 2019 kule Marekani watu wengi waliugua mapafu baada ya kuvuta vepu, na wengi wao walikuwa wamevuta likidi za bangi zilizochanganywa na mafuta ya vitamini E.

Kwa mwanzo beba kifaa kimoja, podi nne na chupa tatu za mililita 10. Utatumia mililita 2 hadi 3 kwa siku, kwa hiyo chupa moja ni siku tatu hadi tano. Podi moja ni wiki moja mpaka mbili.

Weka likidi mbali na watoto, juu kabisa, kwa sababu nikotini ikinywewa ni sumu. Ikimwagikia ngozi, osha kwa maji na sabuni papo hapo.

Hatua ya 3: Kujaza, bila haraka

Toa podi kwenye betri. Ubavuni au chini utaona kizibo kidogo cha mpira. Kifungue kwa ukucha, taratibu, kisikatike. Kama koili inatoka, itoe kwanza: utaona vitundu viwili au vinne, na pamba nyeupe ndani. Dondosha tone moja kwenye kila kitundu na tone moja katikati juu. Pamba itabadilika kutoka nyeupe kavu hadi rangi ya maji. Rudisha koili.

Ingiza ncha ya chupa, laza podi kidogo, bonyeza polepole. Usijaze mpaka juu kabisa, acha nafasi ya hewa kama unene wa senti. Funga kizibo, pangusa kwa karatasi ya choo, simamisha podi mezani dakika 10. Kama koili imejengewa ndani na hukuweza kuilowesha, ngoja 15.

Kabla ya kuwasha, podi ikiwa bado nje ya betri, inyonye kwa mdomo mara tatu nne, kidogo tu. Tazama ndani: vijipovu vidogo vikipanda, pamba inakunywa. Visipopanda, ngoja tena. Ndipo urudishe kwenye betri. Kama kifaa kinaruhusu kuchagua wati, anza na 10, kisha panda moja moja mpaka usizidi kiwango kilichoandikwa kwenye koili.

Ukisikia ladha ya karatasi inayoungua, acha mara moja. Pamba ikishakuwa nyeusi hairudi tena. Kuilowesha upya ni kupoteza likidi. Tupa, weka nyingine, na safari hii ngoja dakika zote.

Hatua ya 4: Kuvuta

Sigara inavutwa kwa nguvu, sekunde mbili. Vepu inataka sekunde tatu au nne, polepole. Ukinyonya kwa nguvu unavuta likidi mbichi kinywani na kuizamisha koili. Jaza kinywa, kisha shusha na hewa kidogo, toa. Ngoja nusu dakika kabla ya kurudia ili pamba inywe tena.

Kikohozi cha siku mbili za kwanza ni cha kawaida. Punguza mvuto kabla ya kukimbilia kupunguza nikotini. Jambo ambalo wauzaji hawasemi: nikotini ya vepu mara nyingi inachelewa kufika kuliko ya sigara. Vuta mara nne tano, kisha subiri dakika tano ndipo useme haijakutosha. Kichwa kikizunguka au tumbo likichafuka, umezidisha: weka chini, kunywa maji, pumzika. Mkono ukiendelea kutafuta sigara baada ya dakika kumi, umepunguza mno.

Hatua ya 5: Siku ya kuvuka

Chagua siku, si "nitaanza". Jioni ya kuamkia siku hiyo toa kiberiti, kisahani cha majivu na pakiti nyumbani. Asiyeweza kuruka moja kwa moja ajipe wiki moja tu ya kuchanganya, na aanze kwa kuondoa sigara ya asubuhi, ile ngumu kuliko zote. Ukiondoa zile nyepesi za mchana, utabaki na ngumu peke yake mwishoni, na ndiyo itakayokushinda.

Siku tatu za kwanza ndizo nzito. Hasira na usingizi mbovu hupungua ndani ya wiki mbili hadi nne. Njaa inaweza kukaa zaidi. Jihadhari na kahawa: moshi wa sigara ulikuwa unaharakisha ini kuondoa kafeini. Ukiacha, vikombe vilevile vinne vinakaa mwilini muda mrefu zaidi, moyo unadunda, na unadhani ni hamu ya sigara. Punguza nusu. Ni sababu hiyohiyo inayomtaka anayekunywa teofilini (dawa ya pumu) au clozapine (dawa ya ugonjwa wa akili) amwambie munganga wake kabla ya kuacha, maana dozi inaweza kuhitaji kushushwa. Mwenye insulini naye amwambie, apime sukari mara nyingi zaidi.

Mtego mwingine ni chupa ya bia ya Simba Jumamosi jioni. Nenda na vepu iliyojaa na betri kamili, kwa sababu ikizima saa tatu usiku, kuna muuza sigara za rejareja hatua kumi kutoka kwenye meza. Ukianguka kwa moja, usitangaze kwamba umeshindwa. Kesho angalia kilichopungua: nguvu, betri au podi.

Hatua ya 6: Yanayoharibika, na majira yake

Asubuhi za Juni na Julai baridi ya Lubumbashi inafanya likidi iwe nzito, na ladha ya kuungua inatokea hata kwenye podi mpya. Kaa nayo mfuko wa ndani, ipashe mkononi dakika mbili, vuta mara mbili fupi kabla ya ndefu. Vumbi jekundu la miezi ya kiangazi linaziba kitundu cha hewa: kifaa kisipowaka ukivuta, safisha kitundu kwa kijiti cha pamba, si kwa sindano. Oktoba usikiache kwenye gari juani, likidi inakuwa nyembamba, inavuja, na betri inaharibika.

Ikitoa sauti ya kugugumia, kuna likidi iliyozidi kwenye koili. Toa podi, ikung'ute kichwa chini juu ya karatasi, pangusa sehemu za chuma zinazogusana na betri. Ikivuja kila siku, kagua mpira wa kizibo kabla ya kulaumu kifaa.

Kwenye ndege hewa ya ndani inapungua msukumo na podi inavuja, kwa hiyo ibebe tupu, na kifaa kiwe kwenye mkoba wa mkononi, si mzigo wa chini. Anayekwenda Kampala aiache nyumbani: sheria ya Uganda ya mwaka 2015 imepiga marufuku kuingiza na kuuza vepu.

Kuhusu umeme: tumia chaja ya volti 5 na ampea 1, si ile ya haraka ya simu kubwa. Chaji mchana ukiwa macho, juu ya sahani au sakafu, kamwe si kitandani. Umeme ukikatika, chomoa, kwa sababu unaporudi kwa kishindo ndipo chaja za bei ndogo zinapokufa. Pawabenki ndogo inatosha kwa siku mbili. Betri iliyovimba haichajiwi tena, hata mara moja.

Hatua ya 7: Kushusha nikotini

Usiguse nguvu kabla ya miezi miwili au mitatu bila sigara. Baada ya hapo changanya mwenyewe kwa bomba la sindano lisilo na sindano, ukitumia likidi isiyo na nikotini ya 50/50 ileile. Mililita 8 za nguvu 20 na mililita 2 za sifuri zinatoa 16. Sita na nne zinatoa 12. Nne na sita zinatoa 8. Andika nguvu mpya kwenye chupa, tikisa vizuri, kaa kwenye kila ngazi mwezi mzima. Hamu ya sigara ikirudi siku tatu mfululizo, panda ngazi moja juu.