Kabla Hamjafungua Gurudumu: Kubadilisha Pedi za Breki Nyumbani na Ndugu Yako

Kubadilisha pedi za breki za mbele si kazi kubwa. Bolti mbili za kalipa, kile chuma kinachozibana pedi kwenye diski ya gurudumu, zinafunguliwa, pedi za zamani zinatoka, pistoni inayozisukuma pedi inarudishwa ndani, mpya zinaingia. Fundi aliyezoea anamaliza upande mmoja huku anapiga soga. Kinachoigeuza kuwa kazi ya kutwa ni maamuzi yaliyoachwa hadi gari liko juu: spana ya saizi ile haipo, nati imegoma, pedi mlizonunua si zenyewe, na nyinyi wawili mliosimama pale kila mmoja anajua kuliko mwenzake. Nimeifanya kazi hii na mdogo wangu mara kadhaa, na kila tulipogombana ilikuwa kwa jambo ambalo tungeweza kulimaliza jana yake tumekaa sebuleni.

Kwanza hakikisheni kwamba tatizo ni pedi. Ule mlio mwembamba unaosikika gari likitembea au ukikanyaga breki, mara nyingi hutoka kwenye kibati kidogo kilichowekwa makusudi: pedi ikilika hadi kiasi fulani, kibati kinagusa diski na kupiga kelele. Hapo bado mna muda. Mkwaruzo mzito wa chuma kwa chuma ni habari nyingine. Nyama ya pedi, ile sehemu inayosuguana na diski, imekwisha, bamba lake la chuma linakula diski, na fedha mliyotenga kwa pedi peke yake haitatosha. Usukani ukitetemeka mnapofunga breki, itazameni diski. Gari likivuta upande mmoja, huenda pistoni au pini za kalipa zimeganda, na pedi mpya zitaliwa vibaya vilevile kama za zamani. Ama pedali inayozama polepole hadi chini, mafuta ya breki yanayovuja, hosi iliyopasuka, au taa ya breki inayowaka na haizimi, hayo si ya kujaribia nyumbani. Mwiteni fundi, na kama ni lazima gari liondoke, likokotwe.

Kuna jambo moja ambalo ningependa kila mtu alifanye, na karibu hakuna anayelifanya: fungueni gurudumu moja wiki moja kabla, kwa kutazama tu. Mtajua papo hapo kama nati zinafunguka kwa spana mliyo nayo. Nati zilizokazwa na mashine ya upepo hazimwogopi mtu. Mdogo wangu aliwahi kusimama juu ya spana kwa uzito wake wote, akaruka kidogo, na nati ikabaki inamtazama. Tulichohitaji ni bomba refu la kuongeza mkono wa spana, na siku ile hatukuwa nalo. Mtagundua pia kama kuna nati moja ya kuzuia wizi ambayo haifunguki bila soketi yake maalumu, na kama soketi hiyo bado ipo garini au ilishapotea enzi za mwenye gari wa kwanza.

Gurudumu likishatoka, tazameni pedi zote mbili, ya nje na ya ndani. Ya nje inaonekana kirahisi ndiyo maana inadanganya watu; ya ndani, iliyo upande wa pistoni, mara nyingi huisha mapema zaidi. Pedi mpya kwa kawaida huwa na nyama ya milimita 10 hadi 12 hivi, na ikibaki milimita 3 ni wakati wa kuibadilisha. Zikiwa zimelika kwa tofauti kubwa, yaani moja nene na mwenzake imebaki karatasi, pini za kalipa hazitelezi vizuri na zitahitaji kutolewa, kusafishwa na kupakwa grisi. Kwenye diski yenyewe, mara nyingi pembeni au kwenye kitovu chake, kuna maandishi ya unene wa chini kabisa unaoruhusiwa, yakianza na MIN TH. Diski iliyopungua hapo haipewi pedi mpya. Piga picha za kila kitu, hasa vile vibati vya kushikilia pedi vinavyokaa, andika saizi za bolti za kalipa, kisha rudishieni gurudumu na mkaze. Sasa mnaweza kwenda kununua.

Mnaponunua, msitaje jina la gari na mwaka tu. Gari la aina moja, mwaka mmoja, laweza kutoka kiwandani na kalipa tofauti kutegemea injini au soko lilikopelekwa. Beba namba ya chasisi na zile picha. Pedi hununuliwa kwa ekseli, yaani kulia na kushoto pamoja, hata kama upande mmoja bado una nyama, maana breki zinazoshika kwa nguvu tofauti zitawayumbisha siku mtakayofunga ghafla. Ulizeni kama vibati na springi zake zimo kwenye boksi. Mkifika nyumbani fungueni boksi hilo mara moja na mlinganishe umbo na picha: masikio ya pedi, unene wa bamba, upande wa kibati cha kelele. Kama mnabadilisha na diski, mpya huja zimepakwa mafuta ya kuzuia kutu. Wekeni kwenye orodha spreyi ya kusafishia breki, kwa sababu mafuta hayo lazima yafutwe yote kabla pedi haijagusa.

Halafu kuna suala la watu, ambalo orodha nyingi za vifaa hulipita kimya.

Fundi mkuu awe mmoja, na ajulikane kabla. Kama unafanya na baba au mjomba, huenda jina la ukuu likawa lake na mikono ikawa yako, hakuna ubaya, ila mkubaliane kwamba neno "simama" likitoka kwa yeyote, hata mtoto aliyekuja kushangaa, kila mkono unaachia. Nasema hivi kwa sababu ni vigumu kumwambia mzee "hapana" akiwa ameshashika spana. Mkiwa mmelipanga mapema, halionekani utovu wa adabu.

La pili ni pedali. Kalipa ikiwa imefunguliwa na pedi zimetoka, hakuna kinachoizuia pistoni. Mtu akikanyaga breki hata mara mbili tatu, pistoni inasukumwa nje, na ikitoka kabisa mafuta yanamwagika na upepo unaingia kwenye mfumo. Yalitukuta. Mdogo wangu aliingia garini kuchaji simu, akajinyoosha, mguu ukatua pale usipotakiwa. Tukaishia kutafuta mtu wa kutusaidia kutoa upepo kwenye breki, na kazi ya asubuhi ikafika magharibi. Tangu siku hiyo ufunguo wa gari unakaa mfukoni mwa yule aliye kwenye gurudumu, milango inafungwa, na hakuna anayeingia bila kuitikiwa. Baadhi ya magari ya haiburidi, yanayotumia injini na mota ya umeme pamoja, yana sababu ya ziada: mfumo wake wa breki huweza kujipandishia presha wenyewe mlango unapofunguliwa tu, bila mtu kugusa pedali. Kama gari lenu ni la namna hiyo, someni kitabu cha matengenezo kuhusu namna ya kuuzima mfumo huo, au mwachieni anayelijua.

Sehemu ya kufanyia kazi ichagueni kwa macho ya mtu anayetaka kulala chini ya kitu chenye uzito wa tani moja na zaidi, hata kama hamna mpango wa kulala huko. Pawe tambarare na pagumu. Saruji ndiyo nzuri. Kwenye udongo, stendi huzama upande mmoja taratibu bila kutoa taarifa, kwa hiyo wekeni ubao mpana na mnene chini yake, au hamieni kwingine. Jeki ni ya kunyanyulia. Ya kubeba ni stendi. Tofali halifai kabisa, kwani hupasuka ghafla. Nati za gurudumu zilegezwe kidogo gari likiwa bado chini, ndipo linyanyuliwe, stendi iwekwe mahali kitabu cha gari kinapoonyesha, kisha mlisukume gari kwa mkono kwa nguvu. Likitikisika, litikisike sasa. Gurudumu lililotolewa lilazeni chini ya ubavu wa gari. Stendi ikikosea, gari litaangukia gurudumu.

Watu wengi huamini kwamba gia au breki ya mkono imemaliza suala la gari kutembea. Fikirini vizuri kuhusu magurudumu yaliyobaki chini. Katika magari mengi breki ya mkono hushika magurudumu ya nyuma, kwa hiyo mkinyanyua nyuma haipo tena kazini. Gia ya P nayo hushika magurudumu yanayoendeshwa na injini tu. Kwenye gari linalovutwa na magurudumu ya mbele, ukinyanyua gurudumu moja la mbele difu, ile gia inayogawa nguvu kati ya magurudumu mawili, inaruhusu hilo lililo hewani lizunguke na lililo chini lisogee. Kabari ngumu, mbele na nyuma ya magurudumu yanayobaki chini, ndizo za kutegemea.

Yote haya nimeyasema nikifikiria breki za diski za mbele, na kwa mara ya kwanza ningeshauri mwishie hapo. Za nyuma zina vituko vyake. Kalipa nyingi za nyuma zenye breki ya mkono ndani yake zina pistoni inayorudi kwa kuzungushwa, na ukiibana kwa klampu utaiharibu. Zenye breki ya mkono ya umeme hutaka kwanza ziwekwe kwenye hali ya matengenezo, mara nyingi kwa mashine ya kompyuta. Na breki za ngoma zina springi ambazo zikiruka hakuna atakayekumbuka zilikaaje, isipokuwa upande wa pili bado haujafunguliwa. Ndiyo maana kanuni ya upande mmoja kwa wakati mmoja ina thamani hata kwa mbele: upande mzima ndio kielelezo chenu.

Mafuta ya breki yanahitaji neno lake, kwa sababu jina lenyewe linapotosha. Si oili. Tone la oili ya injini likiingia kwenye mfumo wa breki huvimbisha mipira yote ya ndani, na ukarabati wake si wa nyumbani. Tazameni mfuniko wa kikopo chake chini ya boneti: utakuta imeandikwa aina ya mafuta, DOT 3, DOT 4 au nyingine. DOT 5 ni ya silikoni na haichanganywi na hizo. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewani, na unyevu unashusha joto la kuchemka: DOT 4 mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230 za selisiasi, lakini ikishanyonya maji kipimo chake hushuka hadi 155. Chupa iliyofunguliwa muda mrefu kabatini si akiba. Mtakaporudisha pistoni ndani, mafuta yatapanda kwenye kikopo, kwa hiyo kama mliongeza hadi juu wakati pedi zikiisha, yatamwagika, nayo hula rangi ya gari. Mmoja asukume pistoni polepole, mwingine asimame mbele ya boneti iliyofunguliwa akitazama kikopo. Hiyo ndiyo kazi halisi ya msaidizi. Maji na kitambaa viwe karibu.

Vumbi jeusi la breki msilipulize, si kwa mdomo wala kwa pampu. Pedi za zamani ziliwahi kutengenezwa kwa asbesto, na hata zisizo nayo vumbi lake si la kuvutwa. Lowesheni kwa spreyi, futeni, tupeni kitambaa. Barakoa, glavu na miwani viwepo.

Vifaa vingine havina maneno mengi. Soketi za pembe sita badala ya kumi na mbili, maana bolti ya kalipa ikishaviringwa kichwa kazi imekwisha. Brashi ya waya. Klampu ya kusukumia pistoni. Grisi ya breki inayostahimili joto na isiyodhuru mpira. Kamba au waya wa kutundikia kalipa, kwani haiachwi ikining'inia kwa hosi yake. Na toki renchi, ile yenye kipimo cha nguvu ya kukaza. Watu huiona anasa hadi wakate bolti. Kipimo cha kila bolti kiandikwe kwenye karatasi kutoka kitabu cha gari, kisikisiwe.

Anzeni asubuhi, siku ambayo maduka ya spea yako wazi na kuna usafiri mwingine wa kufika huko. Mtahitaji kitu. Sijawahi kuona siku ambayo hakuna kilichokosekana.

Pangeni na namna ya kumaliza. Kabla ya kuwasha na kuondoka, pedali ikanyagwe taratibu mara nyingi hadi iwe ngumu. Ile ya kwanza itazama hadi sakafuni, maana pistoni ziko mbali na pedi, na ukigundua hilo gari likiwa linateremka umechelewa. Mafuta yakaguliwe tena. Nati za magurudumu zikazwe kwa kupishana, gari likiwa chini, na yule ambaye hakuzikaza ndiye azihakiki. Chagueni mapema barabara tulivu ya kuzoesha pedi, yaani kuzifanya zikae vizuri na diski. Kama boksi la pedi lina maelezo yake, fuateni hayo. Kama halina, punguzeni mwendo mara 8 hadi 10 kutoka kilomita 50 kwa saa hadi karibu 10, kwa breki ya wastani, mkiacha nafasi ya kupoa kati ya mara moja na nyingine, wala msisimame huku mguu umebana pedali ikiwa moto. Msaidizi abaki nje kwa mzunguko wa kwanza wa mwendo wa kutambaa, asikilize kila gurudumu likipita mbele yake. Nati zihakikiwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100.