SOMO: Kununua gari za misuli za Kimarekani za zamani, kagua bodi na makaratasi kabla hujasikiliza injini

Wakuu heshima kwenu. Wadau kadhaa mlioko huku Marekani mmekuwa mkiniuliza kuhusu hizi gari za misuli (muscle cars), yani gari za kawaida zilizopachikwa injini kubwa ya nguvu, chuma za miaka ya 60 na mwanzoni mwa 70, nimeona niandike mara moja wote mpate. Mi nafanya kazi gereji ya kunyoosha bodi hapa Ohio, hizi gari zinapita mikononi mwangu kila msimu na nazipenda kutoka moyoni, kinachoniuma ni kuona mtu kajinyima miaka alafu anauziwa rangi. Msimamo wangu ni huu: injini inajengwa upya na mafundi wapo, ila bodi iliyooza na makaratasi yaliyopotea ndo vinakomba hela mpaka unaichukia gari yenyewe.

Kidogo historia maana inasaidia kwenye kununua. Mwaka 1964 General Motors (GM), kampuni mama ya Pontiac na Chevrolet, walikuwa na katazo lao la ndani, gari ya saizi ya kati isiwekewe injini inayozidi inchi 330 za ujazo. Injinia mkuu John DeLorean na wenzake pale Pontiac wakachukua Tempest LeMans wakaipachika 389, yani lita 6.4, wakaiita GTO na wakaiandikisha kama nyongeza ya kulipia, sio modeli mpya, kwahiyo katazo likakosa pa kushika. Zikauzwa 32,450 mwaka huohuo na kampuni zingine zote zikakimbilia huko. Hilo neno nyongeza likumbukeni tukifika hatua ya 3.

HATUA YA 1: Amua ni ya kuendesha au ya kuhifadhi. Kama unataka kuiwasha kila jumamosi uende nayo mjini, usilipie pesa ya gari yenye kila kitu cha kiwandani, hiyo tofauti ya bei hutaisikia kwenye usukani.

HATUA YA 2: Jua mwaka. Watu wanakimbia gari za 1972 wakidhani zilidhoofishwa zote ghafla. Ukweli ni kwamba kabla ya hapo nguvu ilitangazwa injini ikiwa imepimwa mezani bila mizigo yake, kuanzia 1972 ikatangazwa kama inavyofanya kazi ndani ya gari, na sailensa zake na kila kitu. Chevrolet Chevelle SS (SS ndo toleo lake la nguvu) yenye injini ya inchi 454 iliandikwa hosipawa 365 mwaka 1971, mwaka uliofuata 270, sehemu kubwa ya hiyo tofauti ni ya karatasi tu. Ni kweli GM walishapunguza mgandamizo wa injini zao 1971 ili zinywe petroli isiyo na risasi, bima nazo zilikuwa zimepanda, na mafuta yalipopanda bei mwishoni mwa 1973 biashara ikafa, lakini 1972 nzuri isikupite kwa sababu ya namba ya kwenye brosha.

HATUA YA 3: Soma namba ya chasisi. Hapa msiruke. Kuanzia 1968 inasomeka kwenye dashibodi ukichungulia kupitia kioo cha mbele upande wa dereva. Kila kampuni ina siri zake:

Pontiac: GTO ya 1964 na 65 namba yake haisemi GTO popote, si ilikuwa nyongeza! Kuanzia 1966 hadi 71 inaanza na 242. Dai karatasi za PHS (Pontiac Historic Services), hao wana kumbukumbu za kiwanda za Pontiac.

Chevelle: 1966 hadi 68 SS ya kweli inaanza na 138. Kuanzia 1969 SS ikawa nyongeza nayo, kwahiyo namba peke yake haithibitishi kitu, ndo maana kuna Malibu (Chevelle za kawaida) nyingi sana mjini zimebandikwa nembo na mistari. Tafuta ile karatasi ya kiwandani iliyotumika wakati gari inaundwa, mara nyingi ilibaki juu ya tangi la mafuta au imenasa kwenye springi za siti. Muuzaji akikwambia wazi kuwa ni Malibu iliyovalishwa SS, huyo muungwana, jadilini bei ya Malibu.

Ford Mustang: tarakimu ya tano ni injini. K ni 289 ya nguvu, R ni 428 Cobra Jet yenye kuvuta hewa ya boneti, Z ni Boss 429. Kwa Ford za kuanzia 1967 agiza ripoti ya Marti, kampuni yenye kumbukumbu za kiwanda za Ford, utajua gari ilitoka kiwandani na rangi gani na giaboksi gani.

Dodge na Plymouth: hawa ndo wanaeleweka zaidi. Challenger R/T ya 1970 inaanza na JS, na tarakimu ya tano ikiwa R basi ilizaliwa na Hemi 426, ile injini yao maarufu ya nguvu. Kama ni herufi nyingine na chini ya boneti kuna Hemi, imepandikizwa.

HATUA YA 4: Kutu. Huku kwetu majira ya baridi barabara zinamwagwa chumvi, gari iliyoishi hapa na ile iliyoishi Arizona sio gari moja hata kama zimetoka kiwandani siku moja. Beba sumaku ndogo uifunge kitambaa, pitisha chini ya milango na nyuma ya matairi ya nyuma, pale isiposhika kuna puti nene. Paa lililovalishwa vinaili lishuku, maji yanakaa chini yake na kuoza kunaanzia pembeni ya kioo cha nyuma. Inua kapeti, ingia mpaka kwenye buti. Mustang za mwanzo zina ugonjwa wake: mwagia maji kwenye matundu yaliyo chini ya kioo cha mbele, alafu lala chali kwenye sakafu uangalie chini ya dashibodi na tochi. Ukiona matone yanachuruzika kwenye kapeti, pale panatakiwa kuchomelewa, na kupafikia lazima madigadi yatoke na bati la juu likatwe, ni wiki za kazi. Mwombe muuzaji ruhusa kabla ya kumwaga maji, akikataa, sawa, lakini umeshapata jibu.

HATUA YA 5: Injini. Kwa Chevrolet kuna sehemu bapa kwenye bloku mbele ya silinda hedi ya upande wa abiria, futa grisi taratibu na kitambaa, usitumie brashi ya waya. Utaona namba na herufi, na chini yake mistari myembamba iliyonyooka toka mbele kwenda nyuma, hiyo ni alama ya mashine ya kiwandani. Kama pamelainika kama kioo au mikwaruzo inazunguka, mtu kasaga akagonga namba mpya. Angalia pia tarehe iliyosubuliwa kwenye bloku, haiwezi kuwa baada ya gari kuundwa.

HATUA YA 6: Endesha, na nenda taratibu mwanzo maana nyingi zina breki za dramu miguu yote minne, ukizikanyaga mara kadhaa zikipata moto zinapoteza nguvu.

HATUA YA 7: Hela itoke mwisho kabisa, baada ya namba kwenye kadi ya umiliki kufanana na ya kwenye dashibodi tarakimu kwa tarakimu.

MASWALI YA WADAU

mzee_wa_gia: Mkuu asante kwa somo. Naweza kuleta moja Nairobi au Dar?
Jibu: Nairobi kwa njia ya kawaida hapana mkuu, Kenya gari ikizidi miaka 8 hairuhusiwi na usukani wa kushoto nao umezuiwa. Dar TRA wanatoza ushuru wa ziada wa uchakavu kwa gari iliyopita miaka 8, piga hesabu na wakala wa forodha kabla hujalipa hata senti huku.

Tabata_boy: Ulaji wa mafuta vipi?
Jibu: Zenye injini kubwa lita moja inakupa kilomita 4 au 5, ukiwa na mguu mwepesi.

kijana_wa_Columbus: Kuna jamaa anabisha kwamba Mustang sio gari ya misuli, nani yuko sahihi?
Jibu: Inategemea iliyo mbele yenu. Ilizinduliwa April 1964 kwa dola 2,368 ikiwa imejengwa juu ya Falcon, na nyingine zilitoka na silinda sita, hizo ni gari za kupendeza tu. Ila yenye 428 Cobra Jet, hakuna wa kuiambia kitu.

Mama Nuru: Kaka mi sina hela ya hizo kubwa ila natamani.
Jibu: Dada yangu tafuta Plymouth Duster 340 ya 1970 hadi 73, nyepesi, kali, na watu hawaigombanii kama 'Cuda (Plymouth Barracuda). Au Mustang ya silinda sita isiyo na kutu, spea zake zinatengenezwa mpya mpaka leo. Na kama unataka kuzijua kwanza, jumamosi ya tatu ya August njoo kwenye msafara wa magari ya zamani Woodward Avenue pale Michigan, hakuna kiingilio. Fika mapema asubuhi kabla hazijajaa barabarani, wenye gari wanakuwa wamekaa kwenye viti pembeni, ukimuuliza mmoja kuhusu gari yake atakufungulia boneti mwenyewe.