Somo: Kupima povu la sabuni ya maji bila mashine ya gharama

Wengi wetu tunatikisa chupa, tunaona povu limepanda, tunafurahi. Urefu wa povu hauelezi litakaa muda gani, wala maji yanashuka upesi kiasi gani. Leo tupime yote.

Tafuta silinda ya kupimia ya mililita 250 yenye kizibo, mzani mdogo, kipimajoto na simu yenye saa.

1. Osha silinda, kisha suuza sana kwa maji ya betri (yale ya kuongezea, angalia usiuziwe asidi!). Mafuta ya kidole tu yanaua povu.

2. Pima gramu 1 ya sabuni, ongeza maji hadi lita 1. Koroga taratibu, usianze kutoa povu mapema.

3. Hakikisha joto ni lile lile kila siku. Maji ya asubuhi Makambako si ya saa nane mchana Dar.

4. Mimina mililita 50, funga, pindua juu chini mara 20 kwa mwendo mmoja. Weka mezani, washa saa.

5. Soma mahali povu linapoishia juu, na mahali maji yanapoishia chini. Hapa ndipo watu hukosea. Tuseme papo hapo, ukishaweka mezani, unaona mililita 8 chini: hizo hazikuingia kwenye povu. Povu limebeba 42. Nusu yake ni 21, kwa hiyo subiri maji yafike alama ya 29, si 25. Andika muda huo.

6. Dakika ya 5, soma tena urefu. Rudia mara tatu.

MASWALI

– Mwalimu, kila mtu si ana mkono wake?
Kweli, dada. Ndiyo maana watafiti Ross na Miles, mwaka 1941, waliacha kutikisa: mililita 200 zinaanguka kutoka sentimita 90 juu ya mililita 50 za mchanganyiko uleule, urefu unasomwa papo hapo na baada ya dakika 5. Nyumbani, mtu mmoja apindue sampuli zote.

– Maji yangu yameshuka karibu yote lakini povu bado limesimama. Nimekosea?
Hapana. Maji hupita kwenye vijia kati ya viputo, kuta zinabaki nyembamba, kupasuka kunafuata baadaye. Andika vyote viwili: muda wa maji kushuka na urefu wa povu.

– Kaka, mashine za maabara zinaonaje hayo?
DFA100 ya Krüss hupitisha mwanga kwenye bomba na kufuatilia yenyewe mipaka miwili, juu ya povu na juu ya maji. Foamscan ya Teclis hupuliza gesi, halafu hupima umeme unavyopita ndani ya povu. Povu likikauka, umeme hupita kwa shida.

– Nikiongeza CDE (ile ya kukaza povu la sabuni)?
Povu hukawia zaidi. Ila badilisha kitu kimoja tu kwa kila jaribio. Ukigusa na chumvi siku hiyo hiyo, usiniulize kipi kimefanya kazi.