Ushauri nasaha kabla ya upasuaji: muulize mgonjwa anaogopa nini

"Usiogope, Mama" haimtulizi mtu anayepasuliwa kesho. Inamfundisha kuficha hofu, na asubuhi presha yake ikiwa juu mno upasuaji huenda ukaahirishwa.

Zungumza naye alasiri ya siku iliyotangulia, kabla wageni hawajaingia. Katika wodi za Kisumu au Kakamega, jamaa wakishazunguka kitanda hakuna mama atakayetaja hofu yake mbele ya shemeji. Vuta pazia, keti, tenga dakika 20. Achague lugha: Kijaluo, Kiluhya au Kiswahili. Mtoto wake asigeuzwe mkalimani.

Uliza: "Katika haya ya kesho, ni lipi linalokunyima usingizi?" Kisha nyamaza, hata kimya kikikutesa. Jibu la kwanza mara nyingi ni la adabu tu. La pili ndilo lenyewe. Ukitaka kipimo, APAIS, dodoso la kupima hofu ya mgonjwa kabla ya upasuaji, ina maswali sita, kila moja alama 1 hadi 5. Yale manne ya hofu yakifikisha jumla ya alama 11, mgonjwa huyo ana hofu kubwa na anahitaji muda zaidi.

Jibu alichouliza, kwa mambo atakayoyahisi mwilini. Anayechomwa sindano ya mgongo aambiwe hivi: miguu itapata joto, kisha itakuwa mizito, utakuwa macho, utasikia vyuma vikigongana, utahisi kusukumwa na kuvutwa, lakini si kukatwa. Mama wa upasuaji wa kujifungua asiyeambiwa habari ya kuvutwa hupiga kelele akidhani ganzi imekataa. Ila akisikia uchungu, aseme papo hapo. Anayeogopa nusu kaputi aelezwe kwamba mtaalamu wa usingizi hatoki chumbani mpaka upasuaji uishe.

Kufunga kula hukosewa sana kwa sababu ya chai. Chai ya maziwa ni chakula: iachwe muda wa saa sita kabla ya upasuaji. Maji na strungi, yaani chai isiyo na maziwa: viachwe muda wa saa mbili kabla, daktari asipoagiza vingine. Eleza sababu, kwamba kilicho tumboni kinaweza kupanda na kuingia mapafuni, la sivyo atakunywa kwa siri.

Usimwahidi kwamba hataumwa kabisa. Kidonda kitauma, aombe dawa mapema.

Mfundishe kuvuta pumzi kwa hesabu ya nne na kuitoa kwa sita, dakika tano, mkifanya pamoja. Kisha akueleze kwa maneno yake yatakayotokea kesho. Anapokwama, rudia hapo.

Akisema hataki tena, usimshinikize. Sahihi ya jana ya kukubali upasuaji haimfungi. Mwite daktari wake waongee usiku huohuo.