Jinsi ya kuomba ruhusa kazini ili kuhudhuria mafunzo ya kisukari

Mtu mwenye kisukari huonana na daktari au muuguzi wake kwa saa chache tu katika mwaka mzima. Muda wote uliobaki ni yeye mwenyewe anayeamua ale nini, achome insulini kiasi gani, na afanye nini sukari ikishuka saa tisa usiku yuko zamu. Kazi ya mafunzo ya kisukari ni kumwezesha kufanya maamuzi hayo akijua anachofanya. Kwa hiyo mafunzo haya ni matibabu, kama dawa zilivyo matibabu, na ombi lako lote lisimame juu ya msingi huo. Ukiomba kama mtu anayekwenda semina, utajibiwa kama mtu anayekwenda semina: subiri kwanza kazi zipungue.

Ulizia kliniki kabla ya kuuliza kazini

Usimwendee msimamizi na habari nusunusu. Kozi hazifanani hata kidogo. Nchini Uingereza, kwa mfano, kozi ya DAFNE kwa watu wenye kisukari cha aina ya 1 huchukua siku 5 kamili, ama mfululizo ama siku moja kila wiki kwa wiki 5. DESMOND, ya wenye aina ya 2, ni saa 6 kwa jumla, zinazoweza kumalizwa kwa siku moja au kugawanywa nusu siku mbili. X-PERT ina vikao 6 vya saa 2 na nusu, kimoja kwa wiki. Kwa mwajiri hayo ni maombi matatu tofauti. Fundi wa kiwandani anaweza kupata mtu wa kushika zamu zake wiki nzima kwa urahisi kuliko kupata wa kumshikia kila Jumanne alasiri. Kwa mtu wa ofisini mara nyingi huwa kinyume chake.

Muulize mratibu wa kozi tarehe, saa ya kuanza na kumaliza, na mahali. Uliza kama kuna awamu nyingine baadaye, na kama kuna vikao vya jioni, vya mwisho wa wiki au vya mtandaoni. Uliza pia kama ukikosa siku moja unapoteza nafasi, na kama kuna kikao cha ufuatiliaji baada ya kozi. Hilo la mwisho husahaulika sana, kisha mtu analazimika kurudi na ombi la pili wakati msimamizi anadhani mambo yalishakwisha. Ongeza na muda wa safari ya kwenda na kurudi, halafu ndipo useme unahitaji siku au saa ngapi.

Barua ya kliniki ndiyo nguzo

Kadi ya miadi peke yake haitoshi. Omba barua yenye jina la kituo, saini na mhuri, inayosema wazi mambo manne: kwamba wewe ni mgonjwa wao, kwamba mafunzo haya ni sehemu ya matibabu yako, kwamba timu inayokuhudumia imekushauri uyahudhurie, na kwamba yatafanyika tarehe fulani kuanzia saa fulani hadi saa fulani. Kipengele cha pili kisikosekane. Kama barua inasema tu "amealikwa kwenye mafunzo", irudishe kwa upole uombe waongeze sentensi hiyo. Wahudumu wa kliniki wana wagonjwa wengi na hawajui ofisi yako inasomaje barua, ukiwaeleza, watakuandikia.

Mwajiri hahitaji kujua kipimo chako cha HbA1c (kinachoonyesha wastani wa sukari kwenye damu kwa miezi michache iliyopita), orodha ya dawa zako wala historia ya madhara uliyopata. Hayo yabaki kwenye faili la hospitali.

Tafuta ruhusa inayokufaa kwenye mkataba

Soma mkataba wako na kanuni za utumishi za pale kazini. Utakuta njia kadhaa: ruhusa ya miadi ya matibabu, likizo ya ugonjwa, likizo ya masomo, likizo ya mwaka, na ruhusa bila malipo. Anza na ruhusa ya matibabu. Nasisitiza hili kwa sababu watu wengi, kwa kuogopa kuonekana wasumbufu, hukimbilia kutoa siku zao za likizo ya mwaka kabla hata hawajaambiwa hapana. Likizo ya mwaka ni ya kupumzika, na mwenye ugonjwa wa kudumu anaihitaji kuliko mtu yeyote. Iweke akiba ya mwisho.

Likizo ya ugonjwa nayo itumie kwa uangalifu. Zipo sehemu za kazi ambako siku za ugonjwa zikifika idadi fulani mfanyakazi huitwa kujieleza. Ukipewa njia hiyo, omba iandikwe kwamba ni siku za matibabu yaliyopangwa, zisichanganywe na siku ulizoumwa ghafla.

Angalia pia sheria ya nchi yako inasemaje kuhusu marekebisho ya kuridhisha kazini kwa watu wenye ulemavu, yaani mabadiliko yanayowezekana ambayo mwajiri huyafanya ili mfanyakazi asikwamishwe na hali yake. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006 unayataja, na Sheria ya Usawa ya Uingereza ya mwaka 2010 inawabana waajiri kuyafanya. Kumruhusu mfanyakazi aende kwenye matibabu wakati wa kazi ni mmoja wa mifano inayotolewa huko. Najua wengi wenye kisukari hawapendi kuitwa walemavu, na wana haki ya kujisikia hivyo. Lakini kisheria huko Uingereza kinachotazamwa ni hali yako ingekuwaje kama usingekuwa kwenye matibabu. Kutumia kinga hiyo hakukubadilishi wewe ni nani.

Zungumza kwanza, kisha andika

Muone msimamizi wako wa karibu ana kwa ana, mapema iwezekanavyo, wala si mlangoni anapotoka. Mweleze kwa kifupi: una kisukari, kliniki imekupangia mafunzo ambayo ni sehemu ya tiba, tarehe ni hizi, na umeshafikiria kazi zako zitakwendaje. Hilo la mwisho ndilo linalomtuliza. Kinachomhangaisha msimamizi mara nyingi ni nani atafungua ghala asubuhi au nani atafunga hesabu za mwezi, kuliko ugonjwa wako. Nenda na jibu la swali hilo mkononi.

Baada ya mazungumzo andika barua siku hiyohiyo au kesho yake. Iwe fupi, mfano huu:

*Yah: Ombi la ruhusa ya matibabu, tarehe … hadi …*

*Husika na kichwa cha habari hapo juu.*

*Mimi ni mfanyakazi katika idara ya … Ninaishi na kisukari, na kliniki inayonihudumia imenipangia mafunzo ya kujisimamia ugonjwa huu kama sehemu ya matibabu yangu. Mafunzo yatafanyika tarehe … kuanzia saa … hadi saa …, na kikao cha ufuatiliaji kitakuwa tarehe … Barua ya kliniki imeambatishwa.*

*Naomba ruhusa yenye malipo kwa siku hizo. Nimezungumza na ndugu … ambaye amekubali kushika majukumu yangu ya … Kazi ya … nitaikamilisha kabla ya tarehe …*

*Naomba nipate jibu kwa maandishi kabla ya tarehe …, ili niweze kuthibitisha nafasi yangu kliniki.*

Barua ipitie kwa msimamizi kwenda kwa afisa rasilimali watu. Baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, au itume kwa barua pepe ili tarehe ijionyeshe. Anayefanya kazi ya kibarua au ya zamu bila ofisi ya utumishi atume walau ujumbe wa simu wenye tarehe na saa kamili, na asiufute.

Kama hujawahi kuwaambia kazini kwamba una kisukari, hapa ndipo utakapoamua. Barua ya kliniki inaweza kusema tu "ugonjwa wa kudumu", na hilo ni haki yako kuliomba. Kwa maoni yangu, anayetumia insulini ni heri aseme, hasa kama anaendesha gari au mashine. Sukari ikishuka chini ya 4 mmol/L (kizio cha kupimia sukari kwenye damu) mtu hutetemeka, hutoka jasho, huchanganyikiwa. Mwenzake anayejua atampa kinywaji chenye sukari mara moja, na akikuta amepoteza fahamu atajua asimtie kitu chochote mdomoni bali aite msaada wa dharura. Isitoshe, ni vigumu kumdai mwajiri marekebisho ya hali ambayo hajaambiwa.

Wakikataa

Kwanza omba sababu kwa maandishi. Mara nyingine kinachokataliwa ni tarehe, siyo mafunzo yenyewe. Hapo rudi kliniki ukaulize awamu ijayo au ile ya siku moja kwa wiki. Pendekeza kubadilishana zamu, kufidia saa, au kugawana: nusu ruhusa yenye malipo, nusu likizo yako. Wakishikilia hapana, mshirikishe mwakilishi wa chama cha wafanyakazi na ufuate utaratibu wa malalamiko wa hapo kazini, kisha ofisi ya kazi ya serikali. Usiondoke bila ruhusa hata ukiwa na haki yote. Utaandikiwa utoro, na kuanzia hapo mjadala utakuwa juu ya utoro.

Mzazi wa mtoto mwenye kisukari cha aina ya 1 hufuata njia hiyohiyo, ila msingi wa ombi unabadilika: anatafuta ruhusa ya kumhudumia mgonjwa wa familia. Barua ya kliniki iseme kwamba mtoto hawezi kujichoma insulini wala kujipimia sukari bila mtu mzima aliyefundishwa, na kwamba mzazi ndiye huyo. Kama wazazi ni wawili wote wahudhurie, hata kwa kupokezana siku, la sivyo mmoja atabeba mzigo wa usiku peke yake.

Ukirudi kazini

Peleka cheti au barua ya kuhudhuria siku ya kwanza, iingie kwenye faili lako. Huenda umefundishwa mambo yatakayogusa ratiba yako: kupima sukari kabla ya kuendesha gari, kula kwa wakati, kuwa na mahali safi na pa faragha pa kuchomea insulini, kuweka insulini mbali na joto. Omba hayo nayo kwa maandishi, ukirejea barua ile ya kwanza na tarehe yake.