Somo: Kuweka daftari la mazingira porini wakati wa theluji

Wengi wetu tuliokulia kwenye joto, tukifika nchi za theluji, hudhani kwamba daftari la mazingira ni kazi ya majira ya joto, kwa sababu wakati wa baridi msituni hakuna maua, miti mingi imepukutisha majani, na ndege wengi wamehama. Nimeweka daftari kama hilo kwa majira sita ya baridi katika pori la Boundary Waters, kaskazini mwa jimbo la Minnesota, Marekani, mpakani na Kanada, nami nasema kinyume chake: mnyama ambaye Julai usingejua kama yupo, Januari amekuachia nyayo tangu alipotoka kujificha hadi aliporudi. Kigumu ni kwamba vidole vitakupa dakika chache tu za kuzinakili. Kwa hiyo nje tunaandika vipimo, nyayo na maneno. Picha nzuri tunaimalizia nyumbani.

Hatua ya 1: Vifaa

Chukua penseli mbili laini kidogo, kama 2B, uzifunge kwa uzi kwenye daftari, kwa maana penseli iliyoanguka kwenye theluji ya unga haionekani tena. Kalamu ya wino iache nyumbani, kwani wino huwa mzito na kugoma. Daftari liwe dogo, lenye jalada gumu. Ongeza rula ya mbao ya sentimita 30, kipimajoto, kitambaa cheusi, na kipande cha sponji cha kukalia. Vaa glavu nyembamba za sufu ndani ya zile nene zisizotenganisha vidole. Ya nje huvuliwa wakati wa kuandika tu. Ngozi ikigeuka nyeupe na kufa ganzi, funga daftari, weka vidole kwapani bila kuvisugua, kisha urudi. Pori hili linahitaji kibali hata wakati wa baridi, ingawa ni cha bure na unakijaza mwenyewe.

Hatua ya 2: Daftari libaki baridi

Hili nilijifunza kwa hasara. Majira yangu ya kwanza nilikuwa nikilihifadhi daftari ndani ya koti, kifuani, nikidhani ninalitunza. Kila nilipolifungua, karatasi ilikuwa vuguvugu, theluji iliyotua juu yake ikayeyuka papo hapo, na nilipoipuliza iondoke nikaongeza unyevu wa pumzi yangu. Baada ya robo saa kurasa nne zilikuwa zimegandana kuwa kitu kimoja. Sasa daftari hukaa mfuko wa nje, na theluji ikiangukia ukurasa naikung'uta tu. Kabla ya kuingia nyumbani nalifunga ndani ya mfuko wa plastiki na kuliacha mpaka lipate joto la chumba, ili umande utande juu ya mfuko na si kwenye karatasi.

Hatua ya 3: Kichwa cha ukurasa

Andika tarehe, saa, mahali, upepo, mawingu na jotoridi, baada ya kukiacha kipimajoto kivulini kwa dakika kumi. Kisha chimba theluji hadi ardhini na upime tena. Ukurasa wangu mmoja wa Januari unaonyesha nyuzi 24 chini ya sifuri hewani, lakini nyuzi 3 tu chini ya sifuri ardhini, chini ya theluji ya sentimita 45. Tofauti hiyo ndiyo inayowawezesha panya wadogo wa msituni kuishi huko chini majira yote ya baridi, wakitembea kwenye vijia vyao bila kuganda. Ukimaliza, fukia shimo, maana umetoboa paa la nyumba yao.

Hatua ya 4: Nyayo

Hapa ndipo pa kutumia muda. Katikati ya mchana wa Desemba jua la huku halipandi zaidi ya nyuzi 19 hivi kutoka upeo wa macho, na kivuli cha mtu huwa karibu mara tatu ya kimo chake. Mwanga huo wa ubavuni huujaza kila unyayo kivuli, hata ule ambao ungeupita bila kuuona. Weka rula kando, chora unyayo mmoja kwa ukubwa wake halisi, kisha kundi zima la nyayo, kisha pima umbali hadi kundi linalofuata.

Sungura wa huku, ambaye manyoya yake hugeuka meupe wakati wa baridi, ana miguu mipana sana ya nyuma. Anaporuka, miguu midogo ya mbele hugusa kwanza, halafu ile mikubwa ya nyuma huipita na kutua mbele yake. Mimi sikulijua hilo. Majira mazima nilichora mishale yangu kinyume, na kwa bidii kubwa nikawa namfuata sungura kuelekea alikotoka.

Wakati mwingine nyayo za panya, vidoto viwili viwili vyenye mstari wa mkia katikati, hukatika ghafla mahali peupe, na pande zote mbili utaona mistari myembamba iliyopangika kama vidole vilivyotanuliwa: ni manyoya ya mabawa ya bundi. Chora mabawa kwanza, kwa sababu ndiyo yatakayofutwa na upepo mapema.

Hatua ya 5: Chembe za theluji

Tandaza kitambaa cheusi ambacho tayari kimepoa nje, uzuie pumzi, na uhesabu matawi: chembe yenye umbo la nyota huwa nayo sita. Wilson Bentley, mkulima wa Jericho huko Vermont, alipiga picha yake ya kwanza ya chembe moja tarehe 15 Januari 1885, na hadi kufa kwake alikuwa na zaidi ya 5,000. Sisi mchoro mmoja na jotoridi vinatosha. Nyota zenye matawi mengi huumbika mawinguni kwenye nyuzi kama 15 chini ya sifuri, na zenye umbo la sindano kwenye kama 5 chini ya sifuri.

Maswali ya wanachama

Shikamoo mwalimu. Rangi za maji zinaniganda kwenye brashi. Nifanyeje?

Marahaba. Wapo wanaochanganya maji na pombe kali ili yasigande upesi. Mimi sifanyi hivyo. Edward Wilson, daktari na mchoraji wa safari za mvumbuzi Mwingereza Robert Scott huko Antaktika, alichora nje kwa penseli, akaandika majina ya rangi juu ya mchoro wenyewe, kisha akapaka rangi kibandani. Fanya hivyo, ila usiandike "nyeupe" pekee. Kivuli juu ya theluji siku ya jua huwa cha buluu, kwa sababu kinaangazwa na anga tu.

Mwalimu, miti hii sina majina yake kwa Kiswahili. Niandike nini?

Andika ulichokigusa, dada yangu. Chuma jani la sindano ulizungushe kati ya vidole: likizunguka kwa urahisi lina pembe nne, na likikataa ni bapa. Hiyo ni miti miwili tofauti. Mwingine "gome jeupe linalobanduka kama karatasi". Jina utaliongeza baadaye.

Ziwa lilinguruma chini ya miguu yangu nikakimbia na daftari likabaki. Je, barafu ilikuwa inapasuka?

Pole sana. Barafu hutanuka na kusinyaa jotoridi linapobadilika, na sauti hizo husikika hata ikiwa nene. Usiutegemee mlio, wala ukimya, toboa upime. Kwa mtu anayetembea kwa miguu, mamlaka za Minnesota hushauri angalau sentimita 10 za barafu mpya iliyo angavu, na hata hiyo haina dhamana.

Mimi niko Makete, nyanda za juu kusini mwa Tanzania, mwalimu. Theluji hatuna, tuna sakitu tu, ule umande unaoganda juu ya majani.

Sakitu inatosha kabisa, mwanangu. Usiku usio na mawingu wala upepo, hewa baridi huteremka na kukaa mabondeni, kwa hiyo amka kabla ya jua, upime bondeni na kilimani, na uchore jani lile lile pande zote mbili, kwani mara nyingi sakitu hushika zaidi upande ulioitazama mbingu. Kisha subiri palepale, uandike saa ambayo ukingo wa jani umeanza kulowa.