Basi za North Greenwich: gusa kadi ile ile, usichanganye na simu

Kwa wabongo mnaokuja London na kushukia North Greenwich, kule peninsula ya mto Thames palikokuwa na kiwanda cha gesi zamani, sasa pamejaa maghorofa na ule ukumbi wa O2, jamani msikimbilie treni kila safari. Pale stendi basi namba 188 inakupeleka Greenwich mjini hadi Waterloo, na 472 inashika Charlton na Woolwich. Keshi hawapokei tangu Julai 2014, unagusa kadi ya benki au Oyster (kadi ya nauli ya London) kwenye mashine ukipanda tu, ukishuka hugusi.

Sasa sikiliza hapa ndo watu wanaliwa: ukishagusa basi la kwanza una lisaa limoja la kupanda basi zingine bila kulipa tena, ila lazima uguse kitu kile kile. Mdogo wangu juzi kaanza kwa kugusa simu, maana nayo inalipa kama kadi, chaji ikaisha Woolwich, akatoa kadi, akakatwa nauli mara mbili. Kumbuka simu na kadi mashine inaona ni watu wawili, hata akaunti iwe moja. Bora ushike kadi mkononi toka unatoka nyumbani.